Spiv ni nani?

Wengi wangelitafsiri neno la mitaani la Waingereza, spiv, kuwa mlanguzi. Si kosa, ila halitoshi. Mlanguzi tunayemjua sisi ana ghala: hununua sukari magunia kwa magunia, akaificha, akangoja bei ipande. Spiv hana ghala. Ana sanduku moja la mkononi, hulifungua kando ya barabara ya London huku mwenzake akichunga kona. Polisi akitokea, sanduku limeshafungwa na wawili hao hawaonekani.

Jina lilikuwepo kabla ya Vita vya Pili, hasa kwenye viwanja vya mbio za farasi, kwa mtu anayeishi kwa ujanja mdogomdogo bila kazi ya kueleweka. Wapo wanaosema ni VIPs likisomwa kinyumenyume. Hadithi tamu, lakini spiv lilisemwa kabla ufupisho huo haujaenea.

Kilichompa umaarufu ni mgawo, yaani kila mtu kuruhusiwa kununua kipimo chake tu, kwa kuponi. Januari 1940 serikali ilianza kugawa siagi, sukari na bekoni kwa vitabu vya kuponi. Juni 1941 zikafuata nguo. Vita viliisha, mgawo ukabaki. Mkate, ambao haukugawiwa hata wakati wa mabomu, uliwekewa mgawo mwaka 1946, na nyama ikakaa hadi Julai 1954. Miaka 14! Mama aliyechoka kuhesabu vijiko vya sukari alijua sheria ni ya haki, na bado alinunua. Spiv alikuwa na soksi ndefu za nailoni, sigara, petroli, hata kuponi za wizi. Zimetoka wapi? Zilidondoka kwenye lori, ndivyo ilivyosemwa, kwa maana usiulize, ni za wizi.

Mavazi yake ndiyo yaliyokuwa tangazo. Suti za raia zilishonwa kwa kubana matumizi ya kitambaa, kwa amri ya serikali. Yake ilikuwa na mabega mapana, kola pana na tai ya rangi kali, juu yake kisharubu chembamba na nywele zinazong'aa mafuta. Ukimwona tu, unajua kuponi kwake si kikwazo.

Ndiyo maana neno hili lina dharau na huruma kwa pamoja, jambo ambalo "mlanguzi" halina kabisa. Mwaka 2010 waziri wa biashara wa Uingereza, Vince Cable, alilitumia kuwashambulia watu wa mabenki. Naona alilivuta mbali mno: hao walikuwa na ghala.