Insaidi si straika

Juzi kibanda umiza, wakati wa mapumziko, jamaa mmoja mwenye simu alitusomea takwimu za Mskoti wa miaka ya 1920 na 1930: Alex James, fowadi, Arsenal, mechi 261, mabao 27. Akacheka. "Fowadi gani huyu? Siku hizi angekaa benchi." Kicheko cha namna hiyo nimekisikia mara nyingi mno, na kila mara kosa ni lilelile: neno fowadi linasomwa kana kwamba ni straika.

Maana yenyewe haina mzunguko. Fowadi, katika soka la zamani, ni mchezaji yeyote wa safu ya mbele, na safu hiyo ilikuwa na watu watano. Nyuma yao hafu watatu (viungo wa siku hizo), fulbeki wawili (mabeki), na kipa. Basi. Fowadi ni mahali unaposimama. Hesabu ya mabao ni habari nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni insaidi. Wengi wanadhani aliitwa hivyo kwa kuwa anacheza ndani ya boksi. Hapana, ndani yake ni ndani ya winga. Pembeni kabisa yupo winga, katikati yupo sentafowadi, na anayebaki kati ya hao wawili ndiye insaidi: mmoja kulia, mmoja kushoto. Jezi zilipokuja kupewa namba, hesabu ilifuata mstari huohuo kutoka kulia: 7 winga, 8 insaidi, 9 sentafowadi, 10 insaidi, 11 winga. Namba kumi tunayoisifia leo imezaliwa hapo. Ligi ya Uingereza ilifanya namba kuwa lazima mwaka 1939, na James, insaidi kushoto, alikuwa ameshatundika daluga miaka miwili kabla.

Sasa chukua visoda vitano uvipange mstari mmoja mezani. Cha pili na cha nne vivute nyuma kidogo. Umepata herufi W, na hiyo ndiyo kazi ya James.

Aliyevivuta ni Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, na sababu ni sheria ya kuotea. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka huo wakapunguzwa wakawa wawili. Mabao yakamiminika: Daraja la Kwanza la Uingereza lilitoka mabao 1,192 msimu mmoja hadi 1,703 uliofuata. Oktoba 1925 Arsenal walipigwa 7-0 na Newcastle, na Chapman akamshusha senta hafu, yule hafu wa kati, akakae na mabeki. Katikati pakabaki tundu, na wa kuliziba alikuwa insaidi. Mskoti Andy Neil ndiye aliyeanza kupewa kazi hiyo. Mwaka 1929 James akanunuliwa kutoka Preston kwa pauni 8,750.

Akiwa Preston, James alikuwa mfungaji hasa, zaidi ya mabao 50 katika misimu minne. Arsenal wakamwambia aache kufunga, achezeshe. Kafupi, kaptula imemshuka karibu na magoti kwa sababu ya baridi yabisi (wachora katuni walimfaidi sana), anachukua mpira kwa mabeki wake, anaangalia, anaumwaga kwa winga. Cliff Bastin, winga wa kushoto, alifunga mabao 33 ya ligi msimu wa 1932-33. Winga! Arsenal wakabeba ubingwa 1931, 1933, 1934 na 1935. Hayo mabao 27 ya James ni chenji iliyobaki mfukoni baada ya manunuzi.

Wala hakusahau kufunga. Fainali ya Kombe la FA 1930 dhidi ya Huddersfield, alipiga faulo haraka kwa Bastin, akarudishiwa, akatikisa nyavu.

Straika wa Kiskoti wa enzi hizo walikuwepo, na ni hao wa kuwalinganisha na straika wa leo. Jimmy McGrory wa Celtic. Hughie Gallacher, aliyekulia eneo moja na James karibu na Glasgow, akaipa Newcastle ubingwa wa 1927 kwa mabao 36 ya ligi. Hao walikuwa sentafowadi, na kufunga ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza.

Kwa hiyo, kaka yangu wa simu, ukikuta tena neno fowadi kwenye takwimu za kale, tafadhali teremka mstari mmoja usome alikuwa fowadi wa wapi. Machi 31, 1928, Uskoti waliichapa Uingereza 5-1 Wembley. Alex Jackson alifunga matatu: winga. James mawili: insaidi. Straika Gallacher alitoka kapa, na hakuna Mskoti aliyelalamika.