Kuoga msitu si kuoga dawa

Juzi nilikuwa kwenye taksi ya kutoka Jinja kwenda Kampala. Tulipofika Najjembe, soko la kando ya barabara katika msitu wa Mabira, dereva akasimama kama ilivyo ada, na madirisha yakajaa mikono: kuku kwenye vijiti, gonja, ile ndizi ya kuchoma, chupa za maji. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake mwenye presha kwamba siku hizi humo Mabira kuna tiba ya msitu, ya kizungu. Unaingia na kiongozi, unaogeshwa majani, presha inakwisha, vidonge unatupa. Mwenzake akamuuliza, "Majani ya mti gani, Hajati?" Hajati akajibu kwamba kila mti una kazi yake, wenyewe wanajua.

Nimeshaisikia habari hii mara nyingi mno, kila mara ikiwa imeongezewa ugonjwa mmoja wa kuponywa. Safari moja ilikuwa kisukari, nyingine mikosi ya biashara. Basi niieleze.

Matembezi ya tiba ya msitu ni kutembea msituni polepole kupita kiasi, kikundi kidogo na kiongozi aliyefunzwa, kwa muda wa saa mbili au tatu, mkiuangalia msitu, mkiusikiliza, mkiunusa na kuugusa. Hamwendi mahali. Mnaweza kumaliza muda wote huo bila kufikisha kilomita mbili. Kiongozi anawapa vishughuli vidogo: tafuteni kitu kinachotikisika, fumbeni macho mhesabu sauti, kila mtu achague mti wake akae chini yake dakika ishirini. Mwishoni aghalabu mnakaa pamoja mnakunywa chai, na anayetaka kusema alichokiona anasema. Hakuna beseni, hakuna majani ya kuponda, hakuna gome la kuchemsha. Maana yake ni hiyo tu. Kilichotuharibia ni jina.

Jina lenyewe si la kizungu. Mwaka 1982 Tomohide Akiyama, aliyekuwa mkuu wa idara ya misitu ya Japani, alianza kuhimiza watu waende msituni kwa ajili ya afya zao, na jambo hilo likaitwa shinrin-yoku. Shinrin ni msitu. Yoku ni kuoga. Waingereza na Wamarekani wakalitafsiri neno kwa neno, na sisi tukalipokea kutoka kwao likiwa limeshavuliwa nguo zake za Kijapani: kuoga msitu.

Sasa jaribu kumwambia mtu wa Uganda "kuoga" na "msitu" kwa pumzi moja. Hapa kuoga majani si fumbo. Mtoto mchanga wa Buganda anaogeshwa kyogero, maji ya mitishamba yaliyochemshwa na bibi yake, ngozi iwe laini na bahati imfuate. Mtu mzima ambaye mambo yake yamekwama naye atapelekwa akaoge, tena alfajiri, na maji yale hayakaushwi kwa taulo. Kwa hiyo Hajati hakuropoka. Alisikia maneno mawili ya Kiswahili yaliyokaa pamoja akayapa maana ambayo tayari anayo nyumbani. Kosa ni la aliyetafsiri.

Kwa sababu Wajapani nao hawakukusudia maji. Neno yoku hilohilo wanalitumia kwa jua, nikkō-yoku, na hakuna anayejipaka sabuni ya jua. Ni kule kukaa ndani ya kitu mpaka kikuingie. Na Kiswahili, bila kuazima kwa mtu, kinalo neno la kitendo hicho: kuota. Tunaota jua asubuhi ya baridi pale Kabale, tunaota moto kwenye matanga. Mtu anayeota moto haufanyi chochote ule moto, wala hauchukui aondoke nao. Anasogea, anakaa, basi. Ningeachiwa mimi, ningesema kuota msitu. Najua watakaonicheka: kuota ni ndoto pia, na ni mti kuchipuka. (Ukikaa chini ya mvule nusu saa kwenye udongo wa Mabira wakati wa mvua za Aprili, sikuhakikishii ni ipi kati ya hizo tatu haitakupata.)

Wengine wanapendekeza kupunga hewa. Ni neno zuri, la pwani, na lina heshima zake. Ila lugha yetu ina utani. Kupunga upepo ni kutoka nje ukaburudike, kupunga pepo ni kumtoa mtu mashetani kwa ngoma na ubani. Tofauti yake ni herufi moja, na safari hii tunajaribu kutoka kwa mganga, si kurudi.

Neno linaloniudhi kuliko kuoga, hata hivyo, ni tiba. Kiingereza kinasema therapy, neno walilolichukua kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki therapeia ilikuwa kuhudumia, kumtunza mtu, kukaa naye. Tiba yetu imetoka kwa Waarabu, ni kazi ya tabibu. Ukimwambia Mswahili tiba, umeshamwahidi ugonjwa, dawa na kupona. Mlango wa watu wa presha kutupa vidonge umefunguliwa hapo.

Mle mle kwenye taksi, mzee mmoja wa kiti cha mbele, ambaye konda alikuwa akimwita afande tangu stendi, aligeuka akasema, "Mimi nimelala msituni miaka mitano, mbona haukunitibu?" Watu wakacheka. Lakini kwa nchi hii ni hoja nzito. Kwa watu wa umri wake, "kwenda msituni" haina maana ya miti. Ni vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, vilivyomwingiza Museveni madarakani. Wapo ambao ukiwaweka chini ya mti kimya, macho yamefumbwa, unawarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Kiongozi anayejua kazi yake huuliza kabla ya kuanza, na halazimishi mtu kufumba macho.

Je, kuna faida au ni maneno matupu? Ipo. Watafiti wa Japani waliwapeleka vijana kwenye misitu 24 na kwenye miji, wakawatembeza na kuwakalisha kama robo saa kila kimoja, wakapima. Msituni mapigo ya moyo yalikuwa chini, shinikizo la damu chini, na kotisoli, ile homoni ya mfadhaiko, chini kwenye mate yao. Daktari Qing Li wa chuo cha tiba cha Nippon, Tokyo, alionyesha kwamba baada ya siku chache za msituni baadhi ya seli za kinga mwilini hufanya kazi kwa nguvu zaidi, akahusisha jambo hilo na harufu inayotolewa na miti. Uingereza, mwaka 2019, utafiti wa watu karibu 20,000 ulikuta kwamba wanaopata walau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili hujieleza kuwa na afya na furaha kuliko wasiotoka kabisa.

Lakini soma tena. Wale wa misitu 24 walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wanaume, wazima. Aliyeteremka shinikizo lake kwa robo saa si mgonjwa wa presha aliyepona. Ni kijana aliyetulia. Makundi ya Qing Li yalikuwa madogo. Wale wa Uingereza waliulizwa wanajisikiaje, na huenda mwenye afya ndiye anayetoka nje, si kwamba kutoka nje ndiko kulikompa afya. Kinachosimama hapo ni utulivu, usingizi, kichwa kupoa. Si haba. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya Mukono anajua kichwa kilichopoa kina thamani gani.

Mimi mwenyewe nilitembea hivyo Mabira mwaka jana, na sitakudanganya kwamba malaika walishuka. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nasikia malori tu, maana barabara ya Jinja imeukata msitu katikati na kila trela likishuka mteremko linakoroma mpaka tumboni. Halafu siafu wakaingia kwenye soksi ya mwenzetu, tukacheza ngoma isiyo na jina. Ni baada ya hapo, tulipoingia ndani zaidi, ndipo lori moja lilipopita nikagundua kwamba nililisikia kwa mbali, nyuma ya sauti nyingine. Kulikuwa na hondohondo wawili juu, mabawa yao yanapuliza kama mtu anayechochea jiko la makaa. Mbele yangu palikuwa na jani moja lenye tone la maji kwenye ncha. Nililitazama mpaka likadondoka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomaliza kutazama kitu.

Hilo ndilo linaloyatenga matembezi haya na utalii pia. Kwenye msitu wa Bwindi unapanda na kushuka hata kwa muda wa saa nne kuwafuata gorila, ukiwapata unapewa saa moja nao, kamera mkononi. Ni jambo tukufu, lakini lina mwisho unaoukimbilia. Wala si mazoezi. Ukitoka jasho, umekwenda kasi.

Na mitishamba ni elimu nyingine kabisa. Siidharau. Nimekunywa mululuza nikiwa na homa, nimetafuna gome la mukuzanume kwa kifua, na najua kuliko wengi jinsi linavyochoma. Lakini ile ni elimu ya kuchukua kitu msituni ukaenda nacho nyumbani. Ukizichanganya hizi mbili, msitu ndio unaolipa. Tayari tunao ule mti ambao Waganda huuita ntasesa, Prunus africana, ambao gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezewa dawa za tezi dume. Umechunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Mti uliochunwa kuzunguka shina lote hukauka umesimama. Sasa hebu watu waambiwe kwamba tiba ya kizungu imo kwenye kila mti wa Mabira, msitu ambao mwaka 2007 watu waliandamana ili robo yake isigeuzwe shamba la miwa.

Nilimgeukia Hajati nikamweleza kwa ufupi, nikaruka Kijapani. Alisikiliza mpaka mwisho, gonja mkononi. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kama hamna dawa, kiongozi analipwa ya nini?"

Nikamwambia analipwa kututembeza polepole, maana wenyewe hatuwezi. Akanitazama kwa huruma kidogo, kisha akacheka. Nikamwomba yule mwenzake mwenye presha aende, apendapo, lakini asiogeshwe na mtu, na vidonge avibebe kwenye mkoba, avimeze kwa ile chai ya mwisho.