Sepia haizeeshi foto

Kazi yangu ni kutengeneza foto mpya zionekane za kale. Juzi tena mteja kaniambia, "Yaya, weka tu sepia, itakuwa foto ya kale." Hapana jamani. Hapa Lubumbashi nimeshachoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja, acha niliandike.

Sepia, ule ukahawia, ilikuwa dawa. Foto ilikuwa inasafishwa mu chumba cha giza, halafu inapitishwa kwenye dawa ingine, ile fedha (madini, si pesa) inayochora picha ndani ya jelatini, utando ulio juu ya karatasi, inageuka salfaidi ya fedha, ambayo ni ya kahawia na inadumu kuliko fedha yenyewe. Kwa hiyo mafundi walikuwa wanaongezea foto maisha, na wewe leo unaitumia kuizeesha! Nyeusi-nyeupe iliyochakaa kweli ni ile nyeusi yake imelegea ikawa kijivu na nyeupe imeota unjano, mara nyingi sababu hipo, dawa ya kuimarisha picha, haikuoshwa vizuri ikabaki mu karatasi. Kingo za giza zinang'aa kibluu kama chuma ukiinamisha, ni fedha imepanda juu, lakini huo mng'ao mimi siuigi, kwenye skrini hautoki vizuri.

Sasa foto za rangi, hapo ndipo roho inanipanda. Papa amevaa abakosti, vazi la wakati wa Mobutu, halafu unamtia mu kahawia na fremu ya maua ya miaka ya 1900, wakati mji wenyewe ulianzishwa 1910! Karatasi ya rangi ina sayani (bluu-kijani), majenta (waridi iliyokolea) na njano, na kila moja inakufa kwa wakati wake. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 sayani inatangulia, hata gizani, hata albamu ikiwa imefungiwa mu sanduku, njo maana foto nyingi za Zaire zimekuwa nyekundu. Ile iliyotundikwa ukutani ni habari ingine, mwangaza mara nyingi unakula majenta na foto inaegemea kijani au bluu. Kwa hiyo mimi kabla ya kugusa kitu nauliza: tunasema hii foto ilikaa wapi, sandukuni ao ukutani?

Tuseme sandukuni. Sayani ndiyo inayozuia wekundu, kwa hiyo ikipungua, wekundu unajitokeza pale sayani ilipokuwa nyingi, yaani kwenye giza: nywele, suruali, kivuli chini ya kiti. Fungua kurve, ule mstari wa mwangaza mu programu ya foto, chagua kanali (sehemu ya rangi) nyekundu, inua ncha ya chini, ya juu usiiguse. Halafu kanali ya bluu ishushe kidogo upande wa juu, nyeupe iwe krimu. Basi. Watu wanamwaga rangi moja juu ya foto nzima wanapunguza nguvu yake, shati jeupe na nywele nyeusi vinapata wekundu sawasawa, na jicho linakataa, hata la mtu asiyeweza kusema kwa nini.

Mikwaruzo, haraka haraka: vumbi lililokaa juu ya negativu, ile filamu ambamo nyeusi na nyeupe zimegeuzwa, linatoa doa jeupe, mkwaruzo uliong'oa emalsheni (utando wenye picha) ya negativu unatoa mstari mweusi, na foto iliyokunjwa inapasuka kwenye kunjo, karatasi nyeupe inaonekana. Zile mistari nyeupe za kupakua kwenye intaneti na kubandika juu ya foto, zinazopita kila mahali, hazitoki kwenye kitu chochote. Na punje za filamu, vile vidoadoa vidogo, weka kabla ya mikwaruzo, baada ya kulainisha kidogo ule ukali wa simu.

Lakini nimeona foto mbili ukurasa mmoja wa albamu, sherehe ileile, moja nyekundu kabisa na ingine nzima. Pengine karatasi tofauti, pengine labo tofauti. Kwa hiyo kipimo cha wekundu nakiamua kwa macho, sina fomula. Na familia ikitaka foto ya nkambo (babu ao bibi) ambayo haikupigwa kamwe, roho yangu haitulii. Naifanya, lakini mwaka niliyoitengeneza nauandika nyuma, na asiyekubali hilo namrudishia pesa yake.

Ukiniletea kazi, leta na albamu ya nyumbani ya miaka ileile, nitanakili uchakavu wake. Na foto iliyonatana na kioo usiibandue, jelatini itabaki kwenye kioo pamoja na uso wa mtu. Lete fremu nzima.