Kontroo boksi inasingiziwa sana

Gari ikianza kukosa tu, yaani injini inakatakata, taa ya cheki injini ikawaka na sindano za dashibodi zikacheza, mtu keshasema boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa. Jamani boksi hufa, sikatai, maji yakiingia au mtu akibusti betri kwa kugeuza chanya na hasi, ila nyingi zinazobadilishwa ni nzima kabisa. Tuyapitie maneno ya gereji moja moja.

"Mashine ya kusoma kodi za hitilafu imeandika U0100, boksi ndio mbovu." Hapana. Hiyo kodi inasema boksi zingine zinaiita boksi ya injini na haijibu. Kwa nini haijibu? Labda fyuzi, labda relei haipeleki moto, labda panya kala waya, au ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ina kutu. Anza na umeme unaoingia na ethi inayotoka, boksi iwe ya mwisho.

"Ethi nimeipima kwa omu (ukinzani wa waya), iko poa." Hapa ndipo wengi wanapigwa, maana waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utasoma safi kabisa ukiwa hauna mzigo, halafu ukiubebesha kazi unashindwa. Weka mita kwenye volti za DC, washa injini, taa kubwa na feni, ncha moja ya mita iweke kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya boksi. Ukiona inazidi 0.1 hivi, anza kukwangua kutu na kukaza nati kabla hujatoa hela ya boksi.

"Chomoa betri dakika kumi, itajirekebisha." Inafuta kodi tu. Na data za wakati tatizo linatokea zinaondoka nazo, sasa fundi atafuata nini?

"Redio inapiga mluzi, nunua redio mpya." Sikiliza kwanza. Mluzi unapanda ukikanyaga mafuta? Angalia altaneta inayochaji betri. Pima volti za AC kwenye betri injini ikiwaka, ikipita 0.5 shuku dayodi zake. Mlio wa tik tik unaofuata spidi ya injini unaweza kuwa plagi zisizo na rezista ya kuzuia kelele, mtu kafunga za bei chee. Na kama kelele inakuja ukiwasha zile taa za LED za dukani basi jibu unalo. Chaja za USB za bei rahisi nazo zinasumbua FM, mpaka rimoti ya mlango inagoma, ichomoe ujaribu tena.

"Waya za CAN unaunga tu kama za taa." CAN ni njia ya boksi za gari kuongea zenyewe kwa zenyewe. Bosch waliutambulisha mfumo huu 1986, na zile waya mbili zimesokotwa makusudi: kelele ikija inazipiga zote sawa, boksi inasoma tofauti kati yao, kelele inajifuta. Ukizinyoosha kipande kirefu umeua hiyo kinga. Kupima, chomoa betri, weka omu kati ya pini 6 na 14 kwenye soketi ya diagnosisi, inatakiwa karibu 60. Ukipata 120 kuna upande umekatika, ukipata karibu na sifuri waya zimegusana. Gari zenye geitwei (boksi inayopitisha mawasiliano) hapo kati zinaweza kusoma tofauti, angalia mchoro wake.

"Boksi yuzdi unachomeka unaondoka." Kwa gari zenye imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) mara nyingi injini itagoma kuwaka hadi funguo zisajiliwe upya, na namba ya pati lazima ilingane, siyo umbo la soketi tu. Muulize muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujalipa.