Umeshalipia, Kaa Mezani: Dhana Potofu Kuhusu Chakula cha Meli ya Kitalii

Mteja akirudi Mwanza kutoka safari ya meli ya kitalii, swali langu la kwanza huwa ni chakula. Jibu nimelizoea mpaka linanichosha: "Chakula kizuri sana, tulikuwa tunakula kule juu kwenye bafe." Siku zote? "Siku zote." Na ule ukumbi wa chini wenye vitambaa vyeupe? Hapo mume na mke hutazamana, kisha mmoja anasema kwa sauti ya mtu aliyeepuka hasara: "Aa, kule ni kwa wenye hela zao, kaka."

Hela zao zipi? Ni zako. Ulizilipa hapa ofisini, nikakuandikia risiti.

Basi niiandike, maana kwa mdomo imeshindikana. Mgahawa mkuu wa meli, ule wenye meza zilizotandikwa, wahudumu waliovaa vizibao na menyu inayobadilika kila jioni, umo ndani ya nauli. Bafe nayo imo. Kwenye meli kubwa nyingi utakuta pia kona ya piza, ya baga na ya aiskrimu, navyo havitozwi. Kinachotozwa ni migahawa maalumu, kama ya steki au ya sushi, pamoja na pombe, soda na kahawa za kina kaputchino. Kwa lugha ya watu wa hoteli, umelipia fulu bodi, yaani malazi pamoja na milo yote. Aliyelipia fulu bodi hajifichi jikoni kula mkate.

Najua dhana hii inakotoka. Sisi tumelelewa na meli ya Bukoba. Unapanda MV Victoria jioni, tiketi yako ni ya kitanda au ya kiti, njaa ikikuuma unakwenda kantini unanunua wali wako. Mjanja anabeba chapati na sato wa kukaanga kutoka nyumbani. Kwa hiyo mtu wa Kanda ya Ziwa akisikia neno meli, kichwani mwake nauli ni ya kufika na tumbo ni juu yake mwenyewe. Anapanda meli ya kitalii Durban au Barcelona akiwa na hesabu hiyohiyo, halafu anashangaa kwa nini bafe haina mtu wa kupokea pesa.

Kinachozidisha hofu ni kadi. Ndani ya meli hizi hutumii noti. Kadi ya kabini ndiyo inayofungua mlango, ndiyo inayonunua soda, ndiyo inayokuruhusu kushuka bandarini na kupanda tena. Kila inapoguswa kwenye mashine, mtu anahisi dola zinamtoka. Akifika mlangoni pa mgahawa mkuu na dada wa mapokezi akamwomba kadi au namba ya kabini, anaaga kwa adabu na kurudi ghorofani kwenye foleni. Pale kadi inatumika kukutafutia meza, basi. Ukitaka kulala usingizi, angalia bili yako kila siku kwenye televisheni ya kabini, kwenye programu ya simu ya kampuni, au kwenye kaunta ya huduma kwa wageni. Na iko ishara nyepesi zaidi: menyu ya mgahawa mkuu haina bei. Ukiona dola zimeandikwa pembeni ya chakula fulani, mara nyingi kamba-koche au steki ya daraja la juu, hicho ndicho cha kulipia. Vingine vyote agiza.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani hukata bakshishi zenyewe, dola 16 hadi 20 hivi kwa kila mtu kwa kila siku, na sehemu yake inakwenda kwa wahudumu wa mgahawa mkuu. Aliyekula bafe wiki nzima anakatwa sawasawa na aliyehudumiwa mezani. Maana yake umemlipa kijana aliyekutandikia meza kila jioni, naye hakukuona hata mara moja. Nilihudumu meza za namna hiyo kabla ya kufungua ofisi hii. Meza ya wasiokuja haiondolewi kwenye zamu yako. Unaipanga, unaweka mkate, unasubiri, unaondoa mkate.

Halafu vinafuata visingizio. Cha kwanza ni nguo. Watu wanaamini bila suti nyeusi utarudishwa mlangoni. Safari ya usiku saba huwa na usiku mmoja au miwili ya kuvaa rasmi, na siku zilizobaki suruali ndefu na shati lenye kola vinamtosha baba, gauni au sketi na blauzi vinamtosha mama. Wasichokitaka ni nguo za kuogelea, singlendi na kandambili. Hata usiku ule rasmi, gauni la kitenge lililoshonwa vizuri linaingia bila swali. Mama mmoja wa Nyegezi alibeba masanduku mawili ya magauni ya kukodi, halafu akala bafe na dera lake. Sikujua nicheke au nilie.

Cha pili ni uma na visu vingi. Anza na vya nje, ingia ndani kadiri sahani zinavyokuja. Ukichanganya, mhudumu ataleta vingine na maisha yataendelea.

Cha tatu ni saa. Kampuni nyingi zinakupa uchague: zamu maalumu, ya mapema kama saa 12 jioni au ya pili kama saa 2 usiku, ama kuingia muda wowote mgahawa ukiwa wazi. Mimi nawaandikia wateja wangu zamu maalumu, na hapo sina mjadala. Ukikaa meza ileile kwa mhudumu yuleyule, jioni ya pili anajua wewe ni nani. Mweleze jioni ya kwanza kabisa: nyama ya nguruwe siili, pilipili naipenda kali, maji ya mke wangu yasiwe na barafu. Kuanzia hapo pilipili itakusubiri mezani. Unataka vianzio viwili na mlo mkuu hutaki? Agiza. Umeshindwa kuchagua kati ya samaki na kondoo? Agiza vyote uonje. Ipo kampuni inayotoza kuanzia sahani kuu ya tatu, lakini ya pili ni haki yako. Chakula hakikupendezi? Kirudishe. Najua kwetu kurudisha sahani ni kama kumtukana mpishi. Kule mhudumu anapata shida zaidi ukinyamaza, ukaacha chakula chote, kisha ukaandika malalamiko siku ya kushuka.

Bafe siichukii. Asubuhi ya kushuka bandarini, unapotaka yai na chai haraka, hakuna pa kuishinda. Jioni ni kupoteza pesa yako mwenyewe.

Dhana nyingine inanitia wasiwasi zaidi kuliko hasira: kwamba ukijipaka kitakasa mikono mlangoni pa bafe, tumbo lako liko salama. Ugonjwa unaosumbua sana meli hizi ni wa kutapika na kuharisha unaoletwa na virusi vya noro, na virusi hivyo haviuawi ipasavyo na dawa ya mikono yenye alkoholi. Vinaondolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua walau sekunde 20. Ajabu yake ni kwamba sisi nyumbani hatugusi ugali kabla jagi na beseni havijapita. Mtu huyohuyo akipanda meli ya mabilioni anashika koleo la bafe lililoshikwa na mikono mia tatu, anakaa, anamega mkate. Masinki yapo, kwenye baadhi ya meli palepale mlangoni. Nawa kabla ya kuchukua sahani, na ukitaka kumega mkate, nawa tena baada ya kushika yale makoleo. Hiyo nayo ni sababu ya kukaa mgahawa mkuu, ambako chakula kinashikwa na wenye kazi yao tu.

Wapo pia wanaoruka upande wa pili na kusema jiko la meli ni chafu. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa kwa kushtukiza na CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa. Alama kamili ni 100, ukipata 85 kushuka chini umefeli, na matokeo yanatangazwa hadharani kwa jina la meli. Mtafutie mama ntilie wako alama zake kwanza.

"Samaki wa meli wanavuliwa pale pale baharini." Hapana. Meli hizi hazivui. Samaki wengi hupakiwa bandarini wakiwa wamegandishwa, pamoja na nyama na mboga. Kwa hiyo mtu aliyezoea sato wa Kirumba aliyetolewa mtumbwini alfajiri asiende na matumaini hayo, ataudhika bure. Minofu ya sangara kutoka viwanda vya hapa Mwanza inauzwa Ulaya miaka yote, kwa hiyo usishangae sana ukikutana na ladha unayoifahamu. Agiza kondoo.

"Usile kitu, bahari itakutapisha." Tumbo tupu ndilo linalozidisha kichefuchefu. Kula kidogo kidogo na kikavu: biskuti za chumvi, mkate, tofaa la kijani, tangawizi. Acha mafuta mengi na pombe. Kama unatumia dawa, imeze kabla mawimbi hayajaanza. Na usipime kwa Ziwa Victoria. Mawimbi yetu ni mafupi na yanafuatana haraka, yanakitikisa chombo kidogo mpaka ukatubu. Meli ya kitalii ina mapezi ya kutuliza mrama, na siku nyingi ukiwa mezani hutajua kama inakwenda.

Kwa ndugu zangu Waislamu, dhana ni mbili na zote zina madhara: kwamba hakuna kabisa cha kula, au kwamba kila kisicho nguruwe ni halali. Nyama ya kawaida kwenye meli za Marekani na Ulaya usidhani imechinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Mchuzi unaweza kuwa na mvinyo, na kitindamlo kinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Niambie siku ya kulipia nafasi, tuandike ombi kwa kampuni mapema, maana vitu hupakiwa kabla ya kung'oa nanga na jikoni hawawezi kutoa wasichonacho. Jioni ya kwanza mwite mkuu wa wahudumu. Huo ndio utaratibu wao kwa wenye masharti ya chakula, hata wenye mzio: mwisho wa mlo anakuletea menyu ya kesho, unachagua, na jiko linakuandalia chako peke yake. Samaki na mboga vitakuwepo hata ombi likipotea njiani.

Kubeba chakula. Mzee mmoja wa dhahabu kutoka Geita alinifungulia begi hapa ofisini: unga wa sembe, dagaa wa kukaanga, na jiko la umeme la kuzungushia ugali ndani ya kabini. Jiko litachukuliwa langoni kwa sababu ya moto, na hapo hakuna anayesikiliza ombi. Chakula cha kupikwa nyumbani nacho hakipiti. Vitafunwa vilivyofungwa kiwandani kwa kawaida hupita, na chupa ya pilipili iliyofungwa vizuri pia. Kushuka nako kuna sheria: tunda la bafe uliloweka kwenye mkoba linaweza kukuletea faini bandarini, kwa kuwa nchi nyingi hazitaki matunda na nyama za wageni. Lile ganda na mbegu viishie melini.

Vinywaji nitavimaliza haraka. Maji ya bomba, chai na kahawa ya kawaida utavipata bafe bila malipo. Kifurushi cha pombe hulipiwa kwa kila siku ya safari, unywe usinywe, na kampuni kadhaa zinataka watu wazima wote wa kabini moja wakinunue, hata kama mmoja wenu ni mlokole. Mnywaji wa bia mbili jioni asikiguse. Mezani, kampuni za Marekani huleta jagi la maji bila kuulizwa, lakini kwa baadhi ya kampuni za Ulaya maji ya mezani ni ya chupa na yanauzwa. Uliza kabla kizibo hakijafunguliwa.