"Ukiguswa kisu ndo inasambaa": maneno ya mtaani kuhusu kansa ya kizazi

Hapa Kigoma ukitaka ushauri wa kansa bila kumuona daktari pita tu sokoni Mwanga au kule Kibirizi kwenye dagaa, utapewa wa kutosha na hutodaiwa hata mia. Na sentensi utakayoisikia kuliko zote ni hii: usikubali wakate kinyama, kansa ikiguswa kisu inasambaa.

Sio kweli. Kinyama chenyewe cha mlango wa kizazi ni kipande kama punje ya mchele, kinabanwa na kikoleo, damu inatoka kidogo inakoma, wanakiweka kwenye kichupa cha dawa kinaenda maabara. Bila hicho hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa uhakika kama ni kansa au kidonda tu, wala ni kansa ya aina gani. Kansa inasambaa yenyewe, taratibu, kupitia damu na mitoki, uguse usiguse.

Sa kwa nini watu wanaamini? Kwa sababu ya namna tunavyohesabu. Mama anaona damu baada ya tendo la ndoa, au hedhi ilishakoma kitambo halafu inarudi, anakaa nayo miezi, anapewa mizizi, anaombewa, anapewa mizizi mingine, akija kufika hospitali mguu umevimba na mgongo unauma hauelezeki, wanakata kinyama, mwezi unaofuata anazidiwa. Mtaa unaanza kuhesabu siku ile ya kisu! Ile miezi yote ya mizizi haipo kwenye hesabu ya mtu.

Hesabu hiyohiyo ndo imeiharibia jina mionzi, eti "waliopelekwa Ocean Road hawarudi", yani ile hospitali ya kansa ya Dar. Wapo wanaorudi wengi tu, ila aliyepona haendi kutangaza kwamba alikuwa na kansa ya kizazi, jamani nani atasema hivyo mbele za wakwe? Kuna utafiti ulichapishwa 2024 kwenye jarida la Lancet, wanawake 500 kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu walitibiwa kwa utaratibu wa kawaida, yani mionzi pamoja na kemo, zile dawa za kuua kansa. Nusu nyingine walianzishiwa kwanza dripu za kemo kila wiki kwa wiki 6 ndo wakaingia kwenye mionzi na kemo kama wenzao. Baada ya miaka 5, kundi la utaratibu wa kawaida walikuwa hai 72 katika kila 100, lile lililoanzishiwa dripu 80. Na dawa zenyewe, carboplatin na paclitaxel, ni za siku nyingi, sio vitu vya kuagizwa mwezini. Kumbuka wengi wao walikuwa hatua ya pili, sio wale wa mguu kuvimba. Halafu mashine ya mionzi haiko Dar peke yake, hospitali ya Bugando pale Mwanza ipo, na kwa sisi wa huku ni karibu zaidi. Na mgonjwa akitoka kupigwa mionzi habaki nayo mwilini, mwache abebe mjukuu wake.

"Ni ugonjwa wa malaya." Hii nayo imewafungia watu ndani. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha HPV, na karibu kila mtu anayefanya mapenzi anakipata wakati fulani, hata mwenye mume mmoja tangu ndoa ya kanisani, na mwanaume anakibeba bila dalili yoyote. Wengi mwili unakitoa wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Kinachogoma kutoka kinaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 kuwa kansa, ila kwa dada zetu wanaoishi na VVU inaenda haraka zaidi na hatari yao ni kama mara 6, kwaiyo wao wasisubiri kufika miaka 30 ndo wapimwe.

Chanjo ya HPV nayo eti inafunga kizazi. Hapana, ndani yake kuna ganda tu la kirusi, halina uwezo wa kuambukiza wala kugusa mayai. Tanzania imeanza kuitoa nchi nzima 2018, na tangu 2024 binti wa miaka 9 mpaka 14 anachomwa mara moja tu imeisha. Dozi moja sio kubana matumizi, majirani zetu Kenya walifanya utafiti kwa mabinti wa miaka 15 hadi 20 wakakuta baada ya mwaka na nusu dozi moja ilizuia maambukizi ya aina mbili mbaya zaidi za kirusi hicho kwa asilimia 97.5.

"Sina dalili, nipime nini?" Ndo wakati wenyewe huo. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, panapobadilika kuwa peupe ndo penye shida, na mara nyingi panachomwa kwa joto au kugandishwa hapohapo, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Siki, hii hii tunayoweka kwenye kachumbari, ila ya kupimia inaandaliwa kituoni kwa kipimo chake, sasa msije mkaanza kujipaka nyumbani.