Je, wajua kwa nini bunge la jimbo huwa na maktaba na watafiti wake?

Bunge la jimbo la Ontario, nchini Kanada, lina wabunge 124. Katika wiki moja ya vikao mbunge mmoja anaweza kutakiwa kuchangia muswada wa kodi za pango, kuhoji bajeti ya hospitali, na kujibu barua ya mwananchi anayelalamikia leseni ya machimbo ya kokoto karibu na nyumba yake. Hakuna anayeyajua yote hayo kwa undani. Waziri anapoleta muswada, nyuma yake ipo wizara nzima yenye wachumi, wanasheria na wataalamu wa takwimu. Mbunge asiye waziri ana wasaidizi wachache tu, na muda wao mwingi huishia kwenye shida za wapiga kura. Hata hivyo ametumwa kumhoji waziri huyo, kuurekebisha muswada wake na, ikibidi, kuukataa.

Kwa nini basi asiiulize wizara yenyewe? Watumishi wa wizara huwajibika kwa waziri wao. Hata wakisema kweli tupu, wao ndio wanaochagua takwimu ipi itangulie na ipi ikae nyuma. Zaidi ya hapo, swali lenyewe ni habari. Mbunge wa upinzani akiuliza wizarani ni vituo vingapi vya dharura vilifungwa usiku mwaka jana, kabla jua halijatua waziri ameshajua kesho ataulizwa nini. Kwa sababu hiyo maktaba ya bunge na watafiti wake huwekwa chini ya Spika au ofisi ya bunge, mbali na mkono wa serikali. Wanamhudumia mbunge wa chama tawala, wa upinzani na wa kujitegemea kwa kiwango kilekile, na swali la mbunge mmoja haliwi habari ya mwenzake.

Huduma hiyo huendeshwaje? Mbunge au msaidizi wake hupiga simu, huandika barua pepe au hufika mwenyewe dirishani. Kazi ya kwanza ya mkutubi ni kulielewa swali. Mtu akisema, “Nataka kila kitu kuhusu maji,” ataulizwa: maji ya kunywa au ya mafuriko? Ni kwa ajili ya hotuba, muswada, au kumjibu mwananchi? Inahitajika lini? Jibu la swali la mwisho mara nyingi ni “leo kabla ya saa nane”. Baada ya hapo swali huenda njia tofauti. Tarehe ya sheria fulani kupitishwa, au maneno aliyosema waziri bungeni miaka mitano iliyopita, mkutubi huyatoa kwenye kumbukumbu rasmi za bunge kwa muda mfupi. Swali linalodai uchambuzi hupewa mtafiti, na huyu huenda akalifanyia kazi siku kadhaa.

Andiko la mtafiti lina nidhamu yake, nami naona ndiyo roho ya kazi nzima. Halisemi “tunapendekeza”. Linaeleza tatizo ni nini, sheria iliyopo inasemaje, wengine walijaribu nini na matokeo yakawaje, wanaounga mkono wana hoja gani na wanaopinga wana hoja gani. Kila takwimu huonyeshwa ilikotoka, na kwa kawaida mwenzake mtafiti hulipitia andiko kabla halijatoka, akisaka kosa la hesabu au neno lililoegemea upande mmoja. Inatokea wabunge wawili mahasimu wakaleta swali lilelile wiki moja. Kila mmoja hujibiwa peke yake wala haambiwi kwamba mwingine amekwisha kuuliza. Siri hiyo ikivuja mara moja tu, upande mmoja utaacha kuuliza, na huduma itakuwa imekufa hata kama mishahara bado inalipwa.

Vyama navyo huwa na watafiti wao bungeni, na kazi yao ni halali kabisa: kukipatia chama chao ushindi katika mjadala. Mtafiti wa maktaba ana kazi nyingine. Haandiki hotuba za kampeni, hatafuti kashfa za mpinzani, na kwa kawaida hatoi ushauri wa kisheria wala kuandika vifungu vya muswada, kwa kuwa bunge lina wanasheria wake kwa ajili hiyo. Mbunge mwenye busara hutumia pande zote mbili. Kwa watu wa chama chake hupata silaha, na maktabani hujua kama silaha hiyo itahimili swali la pili.

Mabunge ya majimbo yana haja ya pekee ambayo bunge la taifa halina kwa kiwango hicho. Sheria ya Katiba ya mwaka 1867 ilizipa serikali za majimbo ya Kanada mamlaka juu ya hospitali, serikali za mitaa, mali na haki za kiraia kwa kifungu cha 92, na elimu kwa kifungu cha 93. Kwa hiyo majimbo 10 yanakabiliana na matatizo yaleyale, kila moja kwa sheria yake. Linachojaribu moja ni somo kwa mengine tisa. Saskatchewan ilianzisha bima ya hospitali kwa wakazi wake wote mwaka 1947. Mwaka 1962 ikaongeza bima ya matibabu ya daktari, na madaktari wakagoma kwa siku 23. Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kugharimia mpango wa namna hiyo mwaka 1966, na ikawa zamu ya majimbo mengine kuamua kama yataingia. Mbunge aliyetaka kuamua kwa akili alihitaji kujua Saskatchewan ilitumia fedha kiasi gani, mgomo uliishaje, na vifungu gani vilibadilishwa ili madaktari warudi kazini. Kulinganisha majimbo kwa namna hiyo ni kazi ya kila siku ya watafiti hawa, na haiishii kwenye kunakili sheria za jirani. Sheria yaweza kuwa kitabuni na isitekelezwe, au ikatekelezwa kwa kanuni zilizotolewa baadaye. Mtafiti mzuri huinua simu na kumuuliza mwenzake wa bunge jingine: hii inafanya kazi kweli?

Kuna tatizo la vitabu pia. Mambo mengi ya jimbo hayana mchapishaji. Nani atatoa kitabu kuhusu ruzuku ya barabara za vijijini katika Kisiwa cha Prince Edward, ambacho bunge lake lina wabunge 27? Habari hizo zimo kwenye ripoti za tume, taarifa za mwaka za wizara na magazeti ya miji midogo, vitu ambavyo maktaba nyingine huvitupa. Maktaba za mabunge huvikusanya kwa bidii, na siku hizi kadhaa kati yake huhifadhi nakala za nyaraka za kielektroniki za serikali. Jambo hili halipewi uzito linaostahili. Serikali ikibadilika, tovuti za wizara hupangwa upya na ripoti za waliotangulia hupotea bila mtu kutamka neno. Mbunge akitaka kuonyesha kwamba ahadi ya leo ilishatolewa na ikavunjwa, ile nakala ya maktaba ndiyo ushahidi alio nao.

Historia ya maktaba hizi ina moto mwingi. Ile ya bunge la Quebec ilianzishwa mwaka 1802. Mwaka 1813 majeshi ya Marekani yalichoma majengo ya bunge huko York, mji ambao leo ni Toronto. Tarehe 25 Aprili 1849 umati wenye hasira ulichoma bunge la Jimbo la Kanada, koloni la Uingereza la wakati huo, mjini Montreal, na katika vitabu zaidi ya 20,000 vikaokolewa kama 200 tu. Mwaka 1909 maktaba ya bunge la Ontario iliteketea pamoja na mrengo wa magharibi wa jengo. Kila mara wabunge walianza upya kukusanya, na gharama haikuwa ndogo.

Lakini rafu za vitabu peke yake hazikutosha. Mwaka 1890 mkutubi Melvil Dewey aliunda katika maktaba ya jimbo la New York, Marekani, kitengo cha kuwasaidia watunga sheria. Mwaka 1901 Charles McCarthy akaanza kazi kama hiyo katika jimbo jingine la Marekani, Wisconsin, naye akaenda mbali zaidi. Alikusanya miswada ya majimbo mengine, vipande vya magazeti na barua za wataalamu, akavipanga kwa mada ili mbunge apate jibu badala ya rundo la vitabu. Aliona kwamba kampuni kubwa zina mawakili wa kuwaelimisha wabunge kwa faida yao, na kwamba mbunge asipopata maarifa kwa chombo cha umma, atayachukua kwa anayemletea bure. Hoja hiyo haijachakaa.

Mahali kazi ya watafiti inapoonekana zaidi ni kwenye kamati. Ontario, kwa mfano, kamati hupewa mtafiti kutoka maktaba ya bunge. Huandaa maelezo ya awali, hufupisha yaliyosemwa na mashahidi, kisha huandika rasimu ya ripoti kwa maelekezo ya wajumbe. Wajumbe wakigawanyika, rasimu inapaswa kuonyesha mgawanyiko huo kwa haki. Bungeni penyewe mchango wao hauonekani: mbunge husimama na takwimu safi mkononi, wala halazimiki kutaja nani alimtafutia. Anaweza pia kulisoma andiko lote akapiga kura kinyume cha ushahidi uliomo, maana mwenye kura ni yeye.

Mwananchi wa kawaida hana haki ya kumtuma mtafiti wa bunge, lakini milango haijafungwa kabisa. Maktaba ya bunge la Quebec hupokea wasomaji wa umma. Ripoti za kamati, kumbukumbu za mijadala na baadhi ya maandiko ya utafiti huwekwa mtandaoni na mabunge mengi. Ukitaka kujua mbunge wako alikuwa na habari gani mbele yake alipopigia kura sheria fulani, anza na ripoti ya kamati iliyoushughulikia muswada huo.